Chupa ya Damu ya Saa Tisa Usiku

Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa kusoma damu za watu. Nilikuwa mtu wa maabara, sikuwa daktari, lakini hapa Isevya, Tabora, kila aliyewahi kuvaa koti jeupe huitwa daktari mpaka siku anazikwa, nami nilishachoka kukanusha. Sasa nimestaafu, nina mizinga michache ya nyuki, na watu bado wanakuja barazani kwangu na karatasi zao za vipimo niwasomee.

Siku moja alikuja mama ambaye hakuwa na karatasi yoyote. Mumewe alikuwa akileta mkaa mjini kwa baiskeli, njia ya Urambo. Pikapu ilimkuta kwa nyuma, usiku, ikampeleka mtaroni yeye na magunia yake, akafia pale pale. Waliofika mwanzo wanasema dereva alishuka akiwa amepotea kabisa, anautafuta mlango wa gari alilotoka kushuka. Baadaye yule mama akasikia kwamba damu ya dereva imepimwa na "haina shida".

Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Baba, naomba uniambie ukweli. Hivi pombe inaweza kumtoka mtu akiwa amekaa tu kituoni?"

Nikamwambia inaweza. Inamtoka akiwa amekaa, akiwa amelala, akiwa na pingu mikononi. Ini halijui kama mwenye nalo yuko baa au mahabusu, lenyewe linafanya kazi yake.

Kila ajali ya namna hii inapotokea, vijiwe vyote vya mji huu husema neno moja: sheria ikazwe. Nami nakubaliana nao. Ila ukimuuliza msemaji ikazwe wapi, atakutajia miaka: 20, 30, maisha. Miaka ni mwisho wa kamba, na kamba yetu inakatikia mwanzoni, kati ya ajali na sindano ya kutolea damu.

Ulevi mmoja, mashtaka mengi

Sheria inayosimamia mambo haya ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Inautazama ulevi kwa macho mawili. Jicho la kwanza linamtazama mtu: je, alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari? Hapo ushahidi ni wa trafiki na waliokuwepo, yaani harufu, ulimi mzito, miguu inayopishana. Jicho la pili linatazama namba tu: miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Ukizidi hapo umevunja sheria, hata kama unatembea wima na unakumbuka majina ya watoto wote wa shangazi yako.

Halafu kuna kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari au bila uangalifu. Hili linaweza kusimama bila hata tone la pombe kutajwa. Mwendesha mashtaka anaonesha alama za matairi, upande ambao gari lilikuwepo, mwendo, taa, basi. Na nje ya sheria ya barabara iko Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yenye kosa la kuua bila kukusudia. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Watu hushangaa nikiwaambia hivyo. Wanadhani kitabu hakina adhabu nzito. Kinayo. Kinachoamua ni shtaka gani linaandikwa kwenye hati, na hilo linategemea ushahidi uliomo kwenye jalada. Kesi ya kuua bila kukusudia kwa kawaida ni ya Mahakama Kuu, ina hatua zake, inasubiri vikao. Kesi ya barabarani husikilizwa mahakama ya chini, na mshtakiwa akikiri kosa inaweza kwisha asubuhi moja. Mwendesha mashtaka mwenye jalada jembamba hachagui shtaka linaloifurahisha familia ya marehemu. Anachagua analoweza kulithibitisha.

Wengine huuliza kwa nini asishitakiwe kwa mauaji kabisa. Huko California, Marekani, jambo hilo liliwahi kukubaliwa: mwaka 1981 mahakama ya juu ya jimbo ilisema katika kesi ya Watson kwamba dereva mlevi anayejua hatari anayoisababisha, na bado akaipuuza, anaweza kushitakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Wenzetu wana madaraja. Kwetu mauaji ya kukusudia ni kifo kwa kunyongwa, na jaji hana nafasi ya kupunguza kwa sababu tu anamwonea mtu huruma. Mlango wa namna hiyo, ukiwa na hukumu moja tu nyuma yake, mahakama huufungua kwa shida sana, na dereva aliyekunywa harusini si mtu wa kwanza ambaye jaji atamfungulia.

Na ile kauli ya "alikuwa amelewa, hakujua afanyalo"? Kanuni ya Adhabu imeshaijibu. Aliyelewa kwa hiari yake hawezi kuutumia ulevi kama kinga. Isipokuwa kama alileweshwa bila yeye kujua, au ulevi ulimfikisha kwenye wazimu. Mahakama inaweza kuutazama ulevi pale tu kosa lenyewe linapodai dhamira maalumu. Kwa hiyo pombe inaweza kumsaidia mtu asionekane alipanga kuua. Haimsaidii kuonekana alikuwa mwangalifu.

Hesabu ya ini

Sasa tuje kwenye eneo langu. Chukua chupa ya bia ya nusu lita, yenye kilevi asilimia 5. Ndani yake kuna karibu gramu 20 za kilevi chenyewe. Mwanamume wa kilo 70 akiinywa, damu yake hupanda kwa takriban miligramu 40 katika mililita 100. Mwanamke wa kilo 55 atapanda zaidi ya 60 kwa chupa hiyo hiyo, maana mwili wake ni mdogo na una maji kidogo ya kukitawanya kile kilevi. Kwa hiyo yule mwanamume akinywa chupa mbili za haraka bila kula tayari yuko kwenye 80 yetu. Wengi hudhani kiwango cha sheria ni mtu wa kubebwa, kumbe ni mtu anayesema "mimi niko fiti, nipe ufunguo".

Ini nalo linapunguza. Kwa mtu wa kawaida linaondoa kama miligramu 15 kwa saa. Wengine 10, wengine hufika 20 na ushei. Kahawa hailiharakishi, wala kuoga maji baridi, wala supu ya kongoro. Supu inamfanya mlevi awe mlevi aliyeshiba.

Tufanye mfano. Dereva wa kilo 70 anaanza saa mbili usiku, mpaka saa nne ameshamaliza chupa nne. Chupa nne ni 160, toa 30 za zile saa mbili, unabaki na 130. Saa tano usiku anagonga mtu: yuko kwenye 115, juu kabisa ya kiwango. Wanafika wasamaria, wanafika polisi, kuna kupima barabara, kuna majeruhi wa kuwahishwa kwanza, kuna fomu, kuna gari la polisi lililokwenda kwingine. Saa tisa usiku ndipo sindano inaingia. Saa nne zimepita, miligramu 60 zimekwenda. Chupa ya damu inasoma 55.

Kwa sheria ya 80, mtu huyo ni mzima.

Hakuna aliyedanganya hapo. Mpima amesoma sawasawa na polisi ameandika sawasawa. Mtaalamu anaweza kupiga hesabu kurudi nyuma, kutoka 55 ya saa tisa mpaka 115 ya saa tano. Lakini wakili wa utetezi akijua kazi yake atasimama na maswali matatu tu. Unajuaje ini la mteja wangu linaondoa 15 na si 10? Ukitumia 10, saa tano alikuwa na 95. Unajuaje alimaliza kunywa saa nne, na kwamba pombe yote ilishaingia kwenye damu? Na la tatu ndilo linaloumiza: unajuaje hakunywa baada ya ajali, kutuliza mshtuko? Kila swali linapanda shaka, na katika kesi ya jinai shaka ni mali ya mshtakiwa.

Ndiyo maana naitazama tofauti kidogo ile hoja ya kushusha kiwango. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi 50 kwa madereva wote, na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha. Norway iliweka 50 tangu mwaka 1936. Hiyo 80 ndiyo namba ambayo Uingereza iliiweka mwaka 1967, na Tanzania bado tunayo. Kwa kawaida mjadala huwa juu ya usalama: mtu wa 50 ana macho mazito kiasi gani, anachelewa kukanyaga breki kiasi gani. Ni kweli, na inatosha kuwa sababu. Lakini kwa mkoa kama wetu iko sababu nyingine ambayo sijasikia ikisemwa. Tofauti ya 80 na 50 ni 30. Gawanya kwa 15. Umempa mpelelezi saa mbili zaidi.

Saa mbili kwa aliye mjini ni kitu kidogo. Kwa ajali iliyotokea ndani ya Kaliua au Sikonge, usiku, masika, saa mbili ndiyo kesi yenyewe. Yule dereva wetu wa 55 angekutwa bado yuko juu ya mstari.

Mambo ya chupa

Niruhusiwe kukaa hapa kidogo, maana ndipo nilipozeekea.

Ukimtoa mtu damu kwa ajili ya malaria unampangusa mkono kwa pamba ya spiriti. Ukimtoa damu ya kupima ulevi kwa pamba hiyo hiyo, umempa wakili zawadi, kwa sababu spiriti nayo ni kilevi. Inatakiwa dawa nyingine ya kusafishia, au maji safi na sabuni. Damu inatakiwa iingie kwenye chupa yenye floraidi ya sodiamu, ile tunayoijua kwa kifuniko cha kijivu, ili vijidudu visianze kuchachusha sukari na kutengeneza pombe ndani ya chupa. Joto la Oktoba hapa Tabora mnalijua. Damu iliyowekwa kwenye chupa isiyo na dawa, ikakaa dirishani siku mbili, inaweza kusoma namba ambayo mwenyewe hakuinywa. Na kifuniko kisipokazwa, kilevi kinaruka na namba inashuka. Uongo unaweza kwenda upande wowote.

Baada ya hapo kuna karatasi: nani alitoa damu, saa ngapi, mbele ya nani, nani aliipokea, ilikaa wapi, lakiri ilikuwa nzima au imefunguka ilipofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, niliwahi kukuta chupa ya kesi ya ajali kwenye friji moja na soda za wauguzi, imeandikwa jina moja tu, "Juma". Tabora! Juma gani? Kesi ile sikuisikia tena.

Kwa hiyo mtu akiniambia sheria iongezwe makali, mimi naanza na swali dogo linaloudhi: kila kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu, kuanzia Nzega mpaka mpakani na Uvinza, kina chupa ngapi za kifuniko cha kijivu usiku huu?

Wajapani na dereva aliyekimbia

Kuna nchi iliyojaribu njia ya miaka mingi gerezani na historia yake inafaa kujulikana. Novemba 1999, kwenye barabara kuu ya Tomei nchini Japani, lori lililoendeshwa na mlevi liligonga gari la familia kwa nyuma likawaka moto, watoto wawili wa kike wakafa. Adhabu iliyopatikana chini ya sheria ya wakati ule iliwaudhi watu, wazazi wakakusanya saini, na mwaka 2001 likatungwa kosa jipya la kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo, lenye kifungo cha mpaka miaka 15. Baadaye kikapandishwa kufika 20.

Agosti 2006, mjini Fukuoka, dereva mwingine aliyekunywa aligonga gari la familia kwa nyuma darajani, likatumbukia baharini, watoto watatu wakafa. Yule dereva hakubaki pale. Aliondoka, akaita rafiki amletee maji, akayanywa kwa wingi kabla ya kupimwa. Kipimo kikawa mzozo mkubwa mahakamani. Mahakama ya kwanza ilimpa miaka saba na nusu, ya rufaa ikampa 20.

Unaona kilichotokea? Kosa la ulevi lilipokuwa na adhabu kubwa kuliko kosa la kukimbia, mtu mwenye akili za kilevi lakini mwenye hesabu za kizima alikimbia. Akirudi kesho yake yuko mkavu. Wajapani wakaliona shimo hilo, wakaliziba kwa sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika 2014: dereva anayefanya jambo ili ulevi wake usigundulike baada ya kuua au kujeruhi, awe amekimbia au ameongeza pombe nyingine juu, hilo ni kosa linalojitegemea, na kifungo chake kinafika miaka 12. Uingereza nao walifika huko kwa njia yao. Kosa lao la mwaka 1991 la kusababisha kifo kwa kuendesha bila uangalifu ukiwa umelewa linamkamata pia anayekataa kutoa damu bila sababu ya msingi pale inapotakiwa ndani ya saa 18. Kukataa kunahesabiwa sawa na kuzidi kiwango. Adhabu ya juu ilikuwa miaka 14, na tangu Juni 2022 ni kifungo cha maisha, lakini kwangu mimi kile kipengele cha kukataa kina uzito kuliko hayo maisha.

Wajapani waliongeza jambo lingine mwaka 2007 ambalo nikilitaja kijiweni watu huacha kucheza bao. Anayempa dereva pombe akijua ataendesha, anayempa gari mtu aliyelewa, hata abiria anayeomba kupelekwa na dereva anayejua amelewa, wote wana kosa. Hebu fikiria sheria hiyo kwenye harusi ya hapa kwetu.

Sheria isiyoonekana barabarani

Nisije nikaonekana naihubiria hiyo 50 kana kwamba ni dawa. Scotland walishusha kutoka 80 kwenda 50 tarehe 5 Desemba 2014, wakati Uingereza ya upande wa kusini imebaki na 80 yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow wakalinganisha pande mbili, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba ajali hazikupungua. Namba ilishuka kwenye karatasi, lakini barabarani dereva hakuona vipimo vikiongezeka. Alihofia nini?

New South Wales, Australia, wao walishusha kwenda 50 mwaka 1980. Desemba 1982 ndipo walipoanza kusimamisha magari yoyote bila kuchagua na kupima kila dereva, na vifo vikashuka kwa kishindo. Pale polisi hakusubiri uyumbe. Ulijua tu kwamba ukitoka baa, kona yoyote unaweza kukutana na kifaa cha kupuliza, kile kinachopima pombe kwenye pumzi. Mlevi hapigi hesabu ya miaka 20. Anapiga hesabu ya kona ile pale mbele: wapo au hawapo?

Madereva wa hapa wanaijua elimu hiyo bila kusomeshwa. Angalia tochi ya mwendo. Hakuna dereva anayekumbuka faini ni kiasi gani kwa herufi na tarakimu, lakini wote wanajua trafiki wamekaa wapi, na wanapigiana taa kuambiana. Faini iliyoandikwa kwa shilingi huzeeka haraka kuliko aliyeitunga. Hofu ya kusimamishwa ndiyo haizeeki.

Jirani zetu Kenya wametupa funzo la uandishi wa sheria. Walianza kupuliza kwa nguvu mwishoni mwa 2013, kile kifaa wakakiita Alcoblow, Nairobi nzima ikawa na habari. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zilizotumika kuwashitaki watu hazikuendana na sheria mama ya barabara. Vifaa vilikuwepo, walevi walikuwepo, kilichokosekana ni kanuni kulala vizuri juu ya sheria iliyoizaa. Bunge letu likiamua kugusa Sura ya 168, nguvu ya kupima bila kuchagua, muda wa kutoa damu, kosa la kukataa na kosa la kukimbia viandikwe ndani ya sheria yenyewe, visiachwe kwenye kanuni za kuja baadaye.

Wanzuki haina lebo

Hesabu zangu zote za juu zilikuwa za bia ya chupa. Tabora hatunywi bia peke yake. Tuna wanzuki ya asali, tamu, inayomshika mtu magoti kabla hajaona kikombe cha tatu. Tuna gongo, ambayo sheria inaikataza na kila mtaa unajua inapouzwa. Viroba, yaani pombe kali ya vipakiti, vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, na hilo lilisaidia kwa madereva wa bodaboda waliokuwa wakivifyonza kijiweni kama maji ya kandoro. Lakini kikombe cha gongo hakina asilimia iliyoandikwa. Mnywaji hawezi kujipimia, na hata mtaalamu akitaka kupiga hesabu kurudi nyuma hana pa kuanzia.

Kuna pia majira. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge wakilipwa, pesa inaingia kwa pamoja, pikipiki mpya zinaonekana, na barabara za usiku zinabadilika tabia. Mimi sihitaji takwimu kuyasema haya, nilikuwa zamu. Kama ningekuwa napanga vituo vya kupuliza, nisingevitawanya mwaka mzima kwa usawa. Ningefuata malipo ya tumbaku, minada na Jumamosi za harusi.

Wengine watasema kupuliza kutakuwa mradi wa trafiki kula. Ni hofu ya haki, na siwezi kuicheka. Kifaa kinachochapa karatasi yenye saa na namba kinapunguza mazungumzo ya pembeni, angalau kuliko macho mekundu ya dereva ambayo kila mtu anayatafsiri kwa bei yake.

"Tuyamalize nyumbani"

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye sheria yoyote na linaua kesi kuliko chupa isiyo na floraidi. Siku ya tatu ya msiba wanakuja wazee wa upande wa dereva. Wamebeba mchele, mafuta, bahasha. Wanasema maneno mazuri, wanalia kweli. Kisha wanasema: kijana ni wetu sote, marehemu harudi, tuyamalize nyumbani. Familia inapokea, kwa sababu kuna watu 60 wa kula jioni hiyo. Baada ya hapo mashahidi wanasahau.

Ubani si dhambi, upokewe. Lakini kesi ya kifo si ya familia. Hati inasomeka Jamhuri dhidi ya mtu fulani, na mjane hana uwezo wa kuifuta hata akitaka, kama ambavyo hana deni la kunyamaza eti kwa sababu alipokea mchele. Shahidi akiitwa, anakwenda.

Na kuna haki ambayo bahasha mara nyingi inaifunika. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kwa sheria, Sura ya 169, liwe na bima ya kuwakinga watu wengine, ile tunayoiita bima ndogo. Madai ya fidia ni njia tofauti na kesi ya jinai. Hata kama damu ya dereva ilisoma 55, hata kama alilipa faini akaenda zake, mlango wa fidia haufungwi na chupa ya maabara, kwa kuwa pale kinachoulizwa ni uzembe na hasara. Kuitafuta bima hiyo kunaanza na namba ya gari.

Nilimuuliza yule mama kama kuna mtu aliinakili namba ya ile pikapu. Akasema mwanawe wa kidato cha pili alikuwa miongoni mwa waliokimbilia pale, na alipiga picha kwa simu kabla hajajua aliyelala chini ya magunia ni nani. Hawajaifungua tena tangu siku hiyo.

Kesho yake yule kijana akaja. Akaniamkia, akanipa simu bila kuitazama. Namba ya gari inasomeka vizuri. Nikaibonyeza picha nione maelezo yake: ilipigwa saa 5:12 usiku. Kwenye karatasi ya damu, ambayo ndugu zao waliiona baadaye, sampuli ilitolewa saa 9:05. Nikamwambia asiifute, asiipunguze ukubwa kwa kuituma WhatsApp, aende nayo kwa mpelelezi ikiwa ndani ya simu ile ile, na amwombe aandike ile saa.

"Saa tu, babu?" akauliza.

"Saa," nikamwambia. "Na jina la aliyekuona ukipiga."